Mstari juu ya maji huchorwa na nani?

Ndugu msikilizaji, siku moja katikati ya mwaka 2024 nilipita sokoni Kasulu kutafuta dagaa. Mama ninayenunua kwake siku zote alikuwa amekaa nyuma ya meza iliyokaribia kuwa tupu. Mbele yake palikuwa na mafungu machache ya dagaa waliokaa muda mrefu, na bei ilikuwa imepanda. Nilipoanza kulalamika, alinikatiza. "Baba, wewe si mtu wa redio? Basi tuelezee. Tumeambiwa ziwa limefungwa. Kwani ziwa lina mlango?"

Tukacheka, yeye na mimi na wenzake wa meza za jirani. Kisha akaongeza swali la pili, na hilo halikumchekesha mtu. "Na kabla ya kulifunga, aliulizwa nani?"

Swali la kwanza nililijibu palepale. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate nafasi ya kuzaana na kukua. Haukuwa uamuzi wa nchi moja tu, kwa sababu ziwa hili ni la nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, na nchi hizo zilikuwa zimekubaliana kuwa na hatua za pamoja za kulinda samaki. Swali la pili nilimwomba anipe muda. Mazungumzo ya leo ni jibu langu kwake, na kwa kila mmoja wenu aliyewahi kuambiwa kwamba eneo fulani la maji, la msitu au la mbuga sasa lina mpaka.

Ili nijibu vizuri, itabidi niwapeleke mbali kidogo, hadi baharini. Najua baadhi yenu mtashangaa. Sisi ni watu wa milimani. Huku tunalima maharage, mihogo, kahawa na tumbaku, na kutoka Kibondo hadi pwani ya Bahari ya Hindi ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Lakini ni huko pwani ambako nchi yetu ilijifunza namna ya kuchora mpaka juu ya maji. Ilijifunza kwa makosa, na mafunzo hayo sasa yanapanda kuja kwetu.

Mpaka wa shamba huonekana. Pana jiwe, pana mkonge au mti uliopandwa na babu. Mpaka wa msitu una njia iliyofyekwa na bango. Mpaka wa majini hauna chochote. Unaweza kuweka maboya, lakini mawimbi huyang'oa na wezi huyachukua. Askari mwenye boti moja hawezi kulinda mamia ya kilomita za mraba usiku na mchana. Kwa hiyo, mstari wa majini huishi mahali pamoja tu, nao ni kichwani mwa mvuvi. Asipoukubali huko, hata ukiwa umeandikwa kwa wino wa dhahabu, haupo.

Hilo si nadharia. Mwaka 1975 serikali ilitangaza baadhi ya sehemu za bahari kuwa maeneo tengefu. Miongoni mwake yalikuwamo maji yanayozunguka visiwa vya Mbudya na Bongoyo karibu na Dar es Salaam, na huko Mafia, Ghuba ya Chole na miamba ya Tutia. Katika makaratasi maeneo hayo yalikuwapo. Baharini hayakuwapo. Hapakuwa na walinzi wa kutosha, hapakuwa na boti, na wavuvi hawakuwa wameshirikishwa katika kupanga. Uvuvi wa baruti uliendelea mchana kweupe. Anayevua kwa baruti hurusha bomu, samaki wote hufa, wakubwa kwa wadogo, na matumbawe ambayo ndiyo nyumba yao huvunjika vipandevipande. Matumbawe hukua polepole sana, kwa hiyo kilichobomolewa kwa sekunde moja huweza kuhitaji miongo kadhaa kurudi. Na huko Mafia matumbawe yalichimbwa pia ili kuchomwa chokaa ya kujengea.

Ndipo watu wakaanza kufikiri upya. Mwaka 1991 uliitishwa mkutano mkubwa kuhusu mustakabali wa bahari ya Mafia, na wakazi wa kisiwa walikuwamo pamoja na wataalamu na maofisa. Mwaka 1994 Bunge lilipitisha Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Namba 29. Mwaka 1995 Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822. Baadaye zilifuata Ghuba ya Mnazi na mdomo wa mto Ruvuma kule Mtwara mwaka 2000, na Tanga mwaka 2009.

Sheria ile ilileta jambo ambalo kwetu, tuliozoea mapori ya akiba, ni geni kidogo. Ilitofautisha mambo mawili. Eneo tengefu ni mahali ambapo hairuhusiwi kuvua. Hifadhi ya bahari ni tofauti: vijiji vimo ndani yake, watu wanaishi, wanazaa, wanazika na wanavua, lakini kwa utaratibu. Hakuna anayehamishwa. Na sheria ikasema kwamba halmashauri za vijiji vinavyohusika zishiriki katika kutunga kanuni, katika kugawa kanda, na katika kuandaa mpango mkuu wa usimamizi.

Sasa tuone kazi yenyewe hufanywaje, pale inapofanywa vizuri.

Hatua ya kwanza ni kuuliza nani anatumia maji. Si "wavuvi" kwa ujumla, kwa maana wavuvi si kundi moja. Yuko mwenye jahazi na nyavu kubwa, yuko wa mtumbwi na mshipi, yuko anayezama kwa miwani, na yuko mgeni anayekuja dago, yaani kupiga kambi kwa msimu na kuondoka. Wako akina mama wanaotembea kwenye maji mafupi bamvua linapokupwa, wakiokota pweza na kome kwa ajili ya kitoweo cha jioni. Mara nyingi mikutano huitwa saa ambayo mama huyo yuko majini, kisha mwamba wake hufungwa bila yeye kujua.

Hatua ya pili ni ramani. Mtaalamu huja na vipimo vyake: anahesabu samaki, anapima matumbawe, anatazama mikondo. Mzee wa kijiji huja na majina. Kila mwamba, kila mkondo na kila fungu la mchanga lina jina, na ndani ya jina mna habari: hapa changu hutaga, pale palikuwa na samaki wengi zamani, kule upepo wa kusi haukuruhusu kupita. Watu hukaa chini, wakachora mchangani kwa kijiti, wakaweka kokoto, wakabishana. Ramani hizo mbili zinapowekwa pamoja ndipo mpango wa kweli huanza.

Hatua ya tatu ni kugawa kanda. Mafia zipo tatu kwa ujumla wake. Ipo kanda ya kiini, ambamo havuliwi samaki yeyote. Ipo kanda ya matumizi maalumu, ambamo wakazi huvua kwa zana zinazokubalika, na wageni huzuiwa au hubanwa. Halafu ipo kanda ya matumizi ya jumla. Kwa nini kiini kifungwe kabisa? Sababu ni kwamba samaki jike mkubwa hutaga mayai mengi mno kuliko majike wadogo hata wakikusanywa pamoja. Kiini ni kama banda la mbegu. Wakishajaa humo, hutoka na kuvuka ule mstari wasiouona, na huko nje ndiko mvuvi anakowasubiri.

Lakini si kila samaki anafaa kwa dawa hiyo, na hapa ndipo wenyeji na wataalamu wanapohitajiana zaidi. Samaki wa miambani hukaa mahali pamoja, kwa hiyo kufunga mahali kunamsaidia. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni msafiri. Makundi yake hutembea maji ya wazi, na ukifunga pembe moja atakuwa pembe nyingine. Yeye hukua upesi na maisha yake ni mafupi, kwa hiyo kinachomfaa ni kufungwa kwa msimu, pamoja na kuzuia makokoro yanayokomba vifaranga ufukweni. Pweza naye hukua upesi. Huko Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, mwaka 2004 wanakijiji walijaribu kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache tu, na siku ya kuufungua walikuta pweza wakubwa na wengi. Vijiji vya jirani vilipoona, viliiga bila kulazimishwa. Aliyeona kwa macho hahitaji askari wa kumkumbusha.

Hatua ya nne ni sheria. Makubaliano hupita katika mkutano mkuu wa kijiji, halmashauri ya kijiji, halmashauri ya wilaya, na kwa hifadhi ya taifa hufika kwa waziri na katika Gazeti la Serikali. Hatua ya tano ni ulinzi na mapato: nani atapiga doria, nani atalipwa, ada ya watalii itarudi kijijini kiasi gani. Na hatua ya sita, ambayo husahaulika kuliko zote, ni kurudi baada ya miaka kadhaa na kuuliza kama mstari uko mahali pake.

Je, Mafia kila kitu kilikwenda sawa? Hapana, na ningekuwa mwongo nikisema hivyo. Baruti ilipungua sana ndani ya hifadhi, na hilo wakazi wenyewe walilitaka tangu mwanzo. Wengine walibadilishiwa nyavu haribifu wakapewa zinazofaa. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, baadhi ya wavuvi, hasa wa kisiwa cha Jibondo, walilalamika kwamba makatazo yaliongezeka kuliko walivyoelewa mwanzoni, na kwamba faida ya utalii haikugawanywa kwa haki. Funzo lake ni kwamba ushirikishwaji si sherehe ya siku moja. Ni kama ndoa: harusi haitoshi.

Mkoani Tanga walianzia upande mwingine. Kuanzia mwaka 1994, vijiji vya pwani na halmashauri za wilaya, kwa msaada wa wafadhili, viliunda maeneo ya usimamizi wa pamoja. Wavuvi wenyewe walichagua miamba ya kufungwa, wakapanga muda wa kufunga, na wanakijiji wakapiga doria pamoja na vyombo vya dola. Baruti ikapungua. Lakini miaka ya 2000 doria zilipolegea, baruti ilirudi kwa kishindo, na ilichukua muda mrefu kuidhibiti tena. Wanakijiji walikuwa tayari, ila mwenye bunduki na mahakama alikuwa amesinzia. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na jirani zetu Wakenya wana mfano wa Kuruwitu, katika kaunti ya Kilifi. Hapo si serikali iliyoanza. Ni wavuvi wazee walioona samaki wamekwisha, wakaunda chama chao mwaka 2003, na mwaka 2005 wakatenga kipande cha bahari cha hekta 30 hivi. Walibishana sana wao kwa wao. Miaka michache baadaye samaki walirudi, na mwaka 2017 juhudi yao ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hekta 30 ni ndogo. Kuna mashamba ya tumbaku yanayoizidi. Lakini kila mtu wa hapo anajua mstari ulipo, kwa sababu ndiye aliyeuchora.

Ndugu msikilizaji, nina kisa changu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilitumwa kuripoti mkutano wa kuwashirikisha wananchi kuhusu mpaka wa eneo la hifadhi. Kijiji sitakitaja, na taasisi sitaitaja. Wageni walifika saa nane badala ya saa tatu. Walitundika ramani yenye maandishi ya Kiingereza, wakazungumza kwa dakika arobaini, kisha daftari la mahudhurio likapitishwa ili kila aliyesaini apewe soda na nauli. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami hakujua kusoma, akaweka dole gumba. Nilirudi studio nikatangaza kwamba wananchi wameshirikishwa. Baada ya miaka miwili nilisikia kwamba yale majina na madole yaliambatishwa kwenye taarifa kuonyesha ridhaa ya kijiji, na shamba la yule mzee lilikuwa limeangukia ndani ya mpaka.

Daftari la mahudhurio si ridhaa. Mimi nililitangaza kama ridhaa, na kosa hilo ni langu pia. Tangu siku ile, nikisikia neno "ushirikishwaji", nauliza swali moja tu: je, kuna kitu chochote kilichobadilika kwenye ramani baada ya wananchi kusema? Kama mstari uliondoka ofisini na kurudi ofisini ukiwa vilevile, hapakuwa na mazungumzo, palikuwa na tangazo.

Sasa turudi nyumbani. Jambo hili linatugusa kwa njia tatu.

Kwanza, sisi ni watu wa mto. Malagarasi huanzia jirani na mpaka wa Burundi, ukazunguka kupitia nchi yetu hii ya juu hadi kwenye mabwawa makubwa, kisha ukageuka magharibi na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Mto Ruchugi unaotoka upande wa Kasulu huungana nao Uvinza. Tunapolima mteremko bila matuta, na tunapofyeka hadi ukingoni mwa mto, udongo wetu hauishii bondeni. Unasafiri hadi ziwani, unatua juu ya mawe ambako samaki wa pwani hula na kutaga, unayafunika kama blanketi. Ziwa lile lina kina cha karibu mita 1,470, na lina aina nyingi za samaki ambazo hazipatikani popote pengine duniani. Mvuvi wa Ilagala anaweza kufunga maji yake mwaka mzima, lakini sisi tukiendelea kumpelekea matope tutakuwa tunamrudisha nyuma. Kwa hiyo mpango wa kulinda ziwa usio na mkulima wa Kasulu ndani yake ni nusu ya mpango.

Pili, mabwawa yale ya Malagarasi na Muyovozi yaliandikwa mwaka 2000 kuwa ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania chini ya Mkataba wa Ramsar, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 32,000. Mkataba huo haumfukuzi mtu. Unataka matumizi ya busara. Sehemu yake ni pori la akiba la Moyowosi, ambalo watu wa Kibondo wanalijua vizuri, na wanajua pia taabu ya kukutwa upande usio wako ukiwa na nyavu au mifugo. Na watu wa Kasulu hawahitaji kusimuliwa uchungu wa mipaka ya msitu kule Kagerankanda. Mvutano wa aina hii huanza pale mpaka unapojulikana kwa askari kabla ya kujulikana kwa mkulima.

Tatu, mipaka mingine inakuja. Desemba 2022, huko Montreal, Kanada, mataifa yalikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 30 ya nchi kavu na maji ya dunia iwe chini ya hifadhi ya namna fulani. Makubaliano hayo yanataja pia haki za wenyeji. Lakini asilimia ni rahisi kufikiwa kwa kalamu na ngumu kufikiwa kwa mazungumzo, na mwenye haraka huchagua kalamu.

Kwenye Ziwa Tanganyika chombo cha mazungumzo kipo. Ni vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, vinavyotambuliwa na sheria na kanuni za uvuvi. Katika vijiji kadhaa vya mwambao, vikundi hivyo vimeshiriki kutenga mazalia ya samaki karibu na ufukwe. Hiyo ni njia njema. Lakini tazama ni nani yumo: ni watu wa ufukweni. Mama wa sokoni Kasulu, ambaye mtaji wake ni magunia mawili ya dagaa, hayumo. Kijana anayeyabeba magunia hayo kutoka Kigoma hayumo. Ziwa linapofungwa miezi mitatu, mwenye chombo hupoteza mapato, ni kweli, lakini kuna uwezekano akakumbukwa kwa mkopo au vizimba vya kufugia samaki. Muuzaji wa rejareja wa milimani hukumbukwa na nani? Mkopo wake wa kikundi haufungwi pamoja na ziwa.

Sisemi ziwa lisifungwe. Samaki wanapungua, maji ya ziwa yamezidi kuwa ya joto, na idadi yetu imeongezeka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ninachosema ni kwamba anayelipa gharama ya mpaka awe na kiti pale mpaka unapopangwa, na aambiwe mapema ili ajiandae. Angejua miezi sita kabla, mama yule angeweka akiba ya dagaa wakavu, au angehamia kwenye maharage kwa msimu mmoja.

Kwa hiyo, siku wageni watakapokuja kijijini kwenu na ramani, wapokeeni vizuri, kisha waulizeni haya. Ramani hii inaweza kubadilika, au imekwisha pitishwa? Nani anayetumia eneo hili hayupo hapa leo? Tutapata nini, na kimeandikwa wapi? Nani atalinda, na kwa fedha za nani? Tutakutana lini tena kuangalia kama inafanya kazi? Mwenye nia njema atafurahi kuulizwa. Na kabla ya kuweka dole gumba, uliza karatasi hiyo ni ya soda au ni ya shamba.

Ziwa lilipofunguliwa tena na dagaa kurudi sokoni, nilimpelekea yule mama jibu langu. Nilimwambia kwamba ziwa halina mlango, lina watu, na kila mmoja wao ni mlango. Alinipimia fungu langu, akaongeza na nyongeza, kisha akasema, "Basi wakija mara nyingine kulifunga, waambie huku Kasulu kuna mlango hawajaubisha hodi."

Nimewaambia. Kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo.